Kijumba cha mita za mraba 16, watu wawili na hita ya lita 15

Dada aliyenipigia simu alikuwa na lalamiko moja tu. Hita yake ya gesi inazima wakati mama yake yuko katikati ya kuoga. Inawaka vizuri, maji yanapata moto, halafu baada ya dakika mbili tatu moto unakatika na maji yanarudi baridi, mzee akiwa na sabuni mwili mzima. Betri alikwisha kuzibadilisha mara mbili. Mtungi nao aliubadilisha akidhani gesi imekwisha. Alitaka nije niitengeneze, na kama haitengenezeki nimwambie anunue ipi iliyo kubwa zaidi.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kasoro aliyoniitia ndiyo iliyokuwa ikiwalinda. Ningeifanyia hita ile alivyotaka, ikawaka moja kwa moja bila kukatika, huenda siku moja mama yule asingetoka bafuni kwa miguu yake.

Nilichokikuta

Kijumba chenyewe ni cha mbao juu ya fremu ya chuma, urefu mita 6, upana mita 2.7. Chini kuna jiko, kitanda cha mama na bafu. Juu kuna dari analolala yule dada, binti yake. Bafu lina mita 1.2 kwa 0.9, na kimo chake ni mita 2.1. Umeme unatoka nyumba kubwa ya jirani kwa waya wa milimita 2.5 wenye urefu wa mita 25 hivi, nao umefungwa kwenye swichi moja ya ampea 16. Maji yanatoka kwenye tangi lililo nje juu ya stendi. Hakuna pampu, maji yanashuka kwa uzito wake.

Hita ilikuwa imetundikwa ndani ya bafu, juu kidogo ya kichwa cha mtu aliyesimama. Ni ile aina ya lita 6 kwa dakika isiyo na dohani, yaani moshi wake unatokea juu ya kasha na kubaki humo humo chumbani. Mtungi ulikuwa chini ya sinki la jikoni, ndani ya kabati lenye mlango. Bafu lilikuwa na dirisha la kioo kisichofunguka. Chini ya mlango mtu alikuwa amebandika mpira ili upepo usipite, kwa kuwa mama hapendi baridi ya miguuni.

Nilianza na maji, maana lalamiko lilikuwa la maji. Nikachukua ndoo na saa. Hita za namna hii hazifungui gesi mpaka maji yapite kwa kasi ya kutosha kusukuma kiwambo cha ndani. Kwa hii ilikuwa kama lita 2.5 kwa dakika. Chujio la mahali maji yanapoingilia lilikuwa limejaa mchanga, nikalisafisha. Hata hivyo, shawa ikiwa imetundikwa ukutani nilipata lita 2.1 kwa dakika. Nikaishusha mpaka usawa wa kigoda, nikapata 2.8.

Hapo nikaelewa. Siku hiyo uso wa maji kwenye tangi ulikuwa mita 1.2 tu juu ya kibanio cha shawa. Mama anaoga amekaa kwenye kigoda kwa sababu ya magoti, na shawa ni ya mkononi. Akiishika chini, anajiogesha miguu na kiuno, anaongeza karibu mita nzima ya kimo, maji yanaenda kasi na hita inawaka. Akiinyanyua kujimwagia kichwani, kasi inashuka chini ya 2.5 na moto unazima. Hita haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa inafanya kazi yake ilivyoundwa kufanya, ila imewekwa mahali pasipokuwa na kimo cha kuitosha.

Kisha nikatazama moto. Moto wa gesi unaoungua sawasawa ni wa buluu, umetulia. Huu ulikuwa na ndimi za njano pembeni, na juu ya hita ubao wa dari ulikuwa umeshika masizi yenye ukubwa wa kiganja. Nikamuuliza mama, ambaye muda wote alikuwa amekaa kitandani akinifuatilia kwa macho, "Mama, ukitoka kuoga unajisikiaje?"

"Mwanangu, kichwa kinaniuma. Lakini hiyo ni presha yangu, nimeizoea."

"Na ukikaa nje?"

"Nikikaa nje kinapoa."

Binti akageuka akamtazama mama yake. Naye, alisema, siku anazooga muda mrefu hupatwa na kichefuchefu, akidhani ni joto.

Hewa ya bafu moja

Nataka nibaki hapa kidogo, maana watu wengi wanaifahamu hatari ya gesi kuvuja lakini hawaijui hii nyingine.

Gesi ya mtungi inapoungua inakula hewa. Kilo moja ya gesi hiyo inahitaji takriban mita za ujazo 12 za hewa ili iungue vizuri. Hita ya lita 6 ikiwaka kwa nguvu zote inakula karibu kilowati 12 za gesi, maana yake kwa dakika 10 inachoma gramu 150 na ushee na kumaliza hewa ya mita za ujazo 2 hivi. Bafu lile lote, kona hadi kona, lina mita za ujazo 2.3. Ni kweli kwamba binti alikuwa ameipunguza hadi nusu, lakini hata nusu hiyo ni sawa na kuichukua karibu nusu ya hewa ya chumba ambacho mlango wake umezibwa kwa mpira na dirisha lake halifunguki, na ndani yake amekaa mtu wa umri wa miaka sabini na kitu anayevuta pumzi.

Hewa ikipungua, gesi haiungui ikakamilika, na badala ya kaboni dayoksidi peke yake inatoa kaboni monoksidi. Hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ile harufu kali tunayoijua ya mtungi imewekwa makusudi kutuonya gesi ikivuja. Kaboni monoksidi haina onyo kama hilo. Inaingia kwenye damu na kushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hivyo damu inazunguka bila kubeba inachotakiwa kubeba. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Mtu wa makamo anazisingizia presha, kijana anazisingizia uchovu. Hatua inayofuata ni usingizi, na aliyelala bafuni hawezi kujiamsha.

Kwa hiyo rudini kwenye lalamiko. Kila moto ulipokatika baada ya dakika mbili tatu, mama alikasirika, akaita, mlango ukafunguliwa ili aletewe maji ya kumalizia. Mlango ulipofunguliwa hewa iliingia. Tangi kuwa chini ndiko kulikofanya moto usiwake dakika 15 mfululizo. Binti alikuwa na mpango wa kuipandisha stendi ya tangi kwa mita moja na nusu. Alinionyesha hata mabomba ya chuma aliyokwisha kununua. Nilipomweleza, alikaa chini pale pale mlangoni.

Siku ile hita sikuitengeneza. Nilifunga gesi, nikaiondoa hita ukutani, nikatoa mtungi nje kwenye kivuli chenye upepo. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya kabati inatulia sakafuni kama maji, inangoja cheche. Jiko lao la gesi nililiunganisha upya kwa bomba linalopita ukutani, na karibu na kitanda nikafunga king'ora cha kaboni monoksidi, kwa sababu jiko linabaki. Nilimsihi binti ampeleke mama zahanati siku ile ile na aeleze habari ya hita, asiseme presha tu. Wiki mbili zilizofuata walioga kwa maji ya birika. Maumivu ya kichwa ya baada ya kuoga hayajarudi tangu hapo.

Kuchagua upya

Swali la kwanza la binti lilikuwa lile ambalo kila mtu huniuliza: "Fundi, kwa nini tusiweke ya umeme ya papo kwa papo? Ni ndogo, inakaa kwenye kiganja."

Ni ndogo kweli. Tatizo ni kwamba udogo wa kasha hausemi lolote kuhusu ukubwa wa umeme inaoutaka. Maji yana ulafi wa joto kuliko karibu kitu chochote tunachokipasha nyumbani. Hesabu ambayo natembea nayo kichwani ni hii: yuniti moja ya umeme inapandisha lita 860 kwa nyuzi moja, au lita 86 kwa nyuzi 10. Msimu wa baridi maji yao yanatoka kwenye tangi yakiwa na nyuzi 17. Ya kuogea ni nyuzi 40. Pengo ni nyuzi 23. Hita ya papo kwa papo ya kilowati 3.5 ikilifunika pengo hilo inatoa lita 2.2 kwa dakika, basi. Ni mchirizi. Na kwa mchirizi huo inavuta ampea 15 na zaidi kwenye volti 230, wakati swichi nzima ya kijumba ni ya ampea 16. Mama akiwa anaoga na binti akawasha birika, giza. Kupata shawa ya maana ya lita 5 kwa dakika wangehitaji kilowati 8, ampea 35, waya mpya wa milimita 10 mita zote 25, na ruhusa ya mwenye nyumba kubwa ambaye swichi yake kuu ingebidi ibadilishwe nayo.

Sisemi hita hizo ni mbaya. Kwenye nyumba yenye waya wa kutosha na maji ya uvuguvugu tangu mwanzo zinatosha kabisa. Ila kwa aina yake ya bei ndogo, ambayo koili iko wazi ndani ya maji yenyewe, nina sharti moja nisilolilegeza: bila waya wa ethi unaofanya kazi na kikatizaji cha miliampea 30, kile kinachokata umeme ukivuja, siifungi. Pale kijumbani niliukuta waya wa ethi umekatwa ndani ya plagi ya upande wa nyumba kubwa. Mtu aliona waya watatu, akafunga wawili. Na fremu ya kijumba ni ya chuma.

Gesi tungeweza kuirudisha kwa njia sahihi, yaani hita ya kufungwa nje ya ukuta, moshi wake ukibaki nje. Niliipa nafasi hiyo kwa haki. Ingehitaji pampu ya kuongeza presha, pampu ingelia usiku umbali wa mkono mmoja kutoka kitanda cha mama, na mtungi ungekwisha mtu akiwa na sabuni, kama kawaida ya mitungi. Binti alisema hataki tena kusikia neno gesi na kuoga katika sentensi moja. Hofu ya mteja nayo ni kipimo. Jua tuliliacha haraka: paa lina mita chache na liko chini ya mti mkubwa.

Ikabaki hita ya tangi. Mafundi wengine wanaidharau kwa kijumba kwa sababu inachukua nafasi. Mimi naiona kinyume. Kijumba kinakunyima nafasi, kinakunyima waya mnene, kinakunyima hewa. Muda hakikunyimi. Watu wawili wanaoga mara moja au mbili kwa siku. Saa zilizobaki maji yanaweza kujipasha polepole kwa umeme mdogo. Koili ya kilowati 1.5 inavuta ampea 6.5 tu, na birika likiwaka pamoja nayo jumla inabaki chini ya 16, ingawa kwa kubanana.

Mjadala wa kweli ulikuwa lita 15 au 30. Kwa maji ya nyuzi 17, lita moja iliyopashwa hadi 65 inachanganywa kuwa lita 2 na kidogo za nyuzi 40. Tangi la 15 linatoa lita 31 kwenye karatasi, la 30 linatoa 62. Mama anatumia lita 22, nilimpimia kwa ndoo zake mwenyewe. Binti anatumia 30. Kwa hiyo la 30 lingewatosha wote wawili kwa mpigo na la 15 lingemtosha mmoja mmoja, kwa mapumziko katikati. Kulipasha la 15 kutoka baridi ni dakika 33. La 30 ni saa moja na dakika 7.

Mimi nilielekea 30. Mama ndiye aliyenizuia. "Hilo kubwa litakaa wapi?"

Nikamwonyesha: juu ya mlango wa bafu, au kwenye rafu ya pembeni.

"Rafu hiyo ina dawa zangu na nguo zangu. Mkiitoa mtaniweka wapi mimi?"

Nikaona ana haki. Kuna na uzito pia: la 30 likijaa linakaribia kilo 43, na ukuta ule ni ubao mwembamba juu ya nguzo zilizoachana. La 15 likijaa halifiki kilo 25, tena lina aina inayokaa chini ya sinki, mabomba yakitokea juu. Tukaliweka pale pale mtungi ulipokuwa.

Neno moja kwa atakayefuata njia hii. Matangi haya madogo yana aina mbili, ya chini ya sinki na ya juu ya sinki, na kwa macho yanafanana. Maji ya moto hukaa juu, na bomba la kuyatoa limekatwa ndani ili lichote huko juu. Ukilipindua la juu kulifanya la chini, linachota mahali pasipo na moto, nawe utalaumu koili bure. Angalieni mshale na maandishi ya kwenye kasha kabla ya kutoboa ukuta.

Sinki limepakana na bafu, hivyo bomba la moto hadi kwenye shawa lilikuwa na mita 1.4 tu. Bomba hilo linabeba kama theluthi mbili za kikombe cha chai. Maji ya moto yanafika kwa sekunde tatu nne. Hii ni raha ambayo nyumba kubwa hazina.

Nilibadilisha pia kichwa cha shawa. Kile cha zamani kilikuwa na matundu membamba ya kutafutia kasi mahali penye presha. Nikaweka chenye matundu mapana. Bila kikwazo cha ile hita ya gesi, shawa ikiwa imetundikwa tulipata lita 3.5 kwa dakika. Inamwagika kwa upole kama kata ya maji inayomiminwa na mtu asiye na haraka, na mama aliipenda kuliko ya mwanzo.

Kwenye thamostati, yaani kidhibiti joto cha tangi, niliweka nyuzi 63. Wapo wanaoshusha hadi 45 wakidhani wanaokoa umeme na ngozi. Maji yanayolala kati ya nyuzi 20 na 45 ndiyo makao ya bakteria wa lejionela, ambao ukiwavuta na vitone vidogo vya maji ya shawa wanaleta nimonia mbaya, hasa kwa wazee. Tangi linatakiwa lifikie 60. Lakini maji ya 60 yanaunguza ngozi ya mtu mzima kwa kama sekunde 5, na ya mzee kwa muda mfupi zaidi, tena mkono wa mama unatetemeka akigusa koki. Kwa hiyo kati ya tangi na shawa kuna vali ya kuchanganya yenye thamostati, ya aina inayofaa presha ndogo, nimeifunga kwa 41. Maji baridi yanatoka kwenye tangi lile lile la nje, kwa hiyo pande zote mbili zina presha moja na vali haihangaiki. Niliijaribu kwa kufunga maji baridi ghafla: ikakata na ya moto. Isingekata nisingeondoka.

Mwaka mmoja nayo

Mwezi wa kwanza simu ilikuja mara mbili.

Ya kwanza ilihusu matone. Vali ya usalama iliyo kwenye bomba la kuingilia ilikuwa ikidondosha maji kila jioni, na jirani aliyekuja kusaidia alishaandaa kizibo. Nashukuru alinipigia kwanza. Lita 15 zikitoka nyuzi 17 hadi 63 zinanenepa kwa karibu robo lita. Vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma inafunga njia, na robo lita hiyo lazima ipate pa kwenda. Vali ya usalama inafunguka ikifika presha ya baa 8 na kuidondosha. Ukiiziba, siku thamostati itakapokwama maji yatapita nyuzi 100 ndani ya chombo kilichofungwa, nacho kitapasuka chini ya sinki, hatua mbili kutoka kitandani. Hapo nilikuwa na kosa langu: nilikinga matone kwa kopo badala ya kuyatolea bomba nje. Nilirudi nikaweka bomba linaloteremka bila kona ya kuteka maji, mdomo wake ukiwa wazi nje ya ukuta.

Simu ya pili ilikuwa ya mama mwenyewe. "Fundi mwanangu, leo maji yamenikimbia tena." Moyo ulinipasuka. Nilipofika nikakuta hakuna kilichoharibika. Binti alikuwa ameosha vyombo vya jioni kwa maji ya moto, akamaliza, mama akaingia kuoga dakika 10 baadaye. Vyombo vilichukua nusu ya tangi. Hita ya lita 30 isingewafanyia hivyo, nilikubali mbele yao wote wawili, na nikawaambia bado naweza kuibadilisha. Mama akakataa kuachia rafu.

Jawabu lilikuwa kwenye hita tayari. Ina taa ndogo nyekundu inayowaka koili ikipasha na kuzima maji yakifika. Ila iko ndani ya kabati. Nikatoboa tundu kwenye mlango, usawa wa taa, ili ionekane kutoka kitandani. Tangu hapo mama haoni haja ya kuuliza saa. Taa ikizima anachukua kanga yake. Vyombo vinaoshwa baada ya kuoga. Tulipima pamoja uwezo halisi, ndoo kwa ndoo: lita 29 kabla maji hayajashuka chini ya nyuzi 38. Kwenye karatasi nilikuwa na 30 hivi. Maji baridi yanayoingia yanavuruga ya moto na kupunguza, lakini koili nayo inaendelea kupasha wakati mtu anaoga, ikirudisha lita 7 hivi kwa dakika 8.

Umeme niliufuatilia kwa mita ndogo ya plagi. Hita ikiachwa imewashwa saa 24 walikuwa wakitumia yuniti 2.3 kwa siku. Siku waliyosafiri wakaisahau ilikula 0.6, yote ikiwa ni joto lililovuja kwenye kuta za tangi. Tulipoweka swichi ya saa, iwashe alfajiri na jioni tu, matumizi yalishuka hadi 2.0. Si akiba kubwa, na kama mtu hapendi vidude vya kupanga saa namwambia asijisumbue. Nilichosisitiza ni hiki: wakirudi safari ya siku kadhaa, wasubiri taa izime kabisa kabla ya kufungua shawa.

Mvuke ulitusumbua kuliko nilivyotarajia. Sasa hakuna moto bafuni, binti akaona hakuna sababu ya kuacha upenyo, akaurudisha mpira wa chini ya mlango. Baada ya miezi miwili ubao wa dari anakolala ulianza kuota ukungu. Unyevu wa bafu kwenye kijumba hauna mahali pa kujificha isipokuwa kwenye godoro la mtu. Tuliutoa mpira, tukabadilisha kioo kikawa cha kufunguka, tukaweka feni ya kutoa hewa inayozunguka robo saa baada ya kuoga.

Mwezi wa 12 niliifungua hita kama nilivyoahidi. Fimbo ya magnesi, ile inayojitoa kuliwa na kutu ili tangi lisiliwe, ilikuwa imepungua kama theluthi. Koili ilikuwa na ukoko mweupe unene wa ukucha, kwa maana maji yao ni magumu na ukoko huongezeka kadiri joto linavyopanda juu ya 60. Niliiloweka kwenye asidi ya limau usiku mmoja, ukatoka wote. Nikashusha thamostati kutoka 63 hadi 60, nikabadilisha gasiketi, nikajaza maji kabla ya kuwasha. Koili ikiwashwa tangi likiwa tupu inaungua kwa muda mfupi sana.

Hita ya gesi ilikuwa imekaa chini ya kitanda mwaka mzima imefungwa gunia. Jirani aliitaka kwa ajili ya bafu lake, binti akakataa kumwuzia, akanipigia kuniuliza afanye nini na kitu kizima kisicho na kasoro. Nyuma ya kijumba, penye mteremko, kuna bomba la kufulia lililo chini sana kuliko shawa. Nilikwenda na ndoo yangu na saa. Kupitia hita ile ile, lita 3.1 kwa dakika. Nikaitundika pale kwenye nguzo, chini ya kipande cha bati, pande zote nne wazi, nikasafisha kichomeo. Inatumika siku za kufua mablanketi. Moto wake ni wa buluu, na tangu nimeifunga hapo haijazima hata mara moja.